Eti bila kupiga miguu hata mikono haikui? Wabeba vyuma njooni hapa

Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu habari za saa hizi.

Nina miezi minane napiga chuma kwenye jimu moja ya mtaani huku Mbagala. Nilianza na kilo 61, leo nina 64. Kifua kimetoka kidogo, mabega yameanza kuonekana kwenye fulana, lakini mikono imegoma. Huu mwezi wa tatu futi ya fundi cherehani inasoma sentimita 33 zilezile.

Ratiba yangu ni Jumatatu kifua, Jumatano mikono, Ijumaa mgongo na mabega, Jumamosi mikono tena. Miguu sipigi. Niliwahi kupiga mara mbili, kesho yake nikapata shida kushuka kwenye daladala, nikaacha.

Jana mzee anayetufundisha akaniambia: "Mikono yako haitakua mpaka upige skwati. Huwezi kupandisha ghorofa juu ya msingi wa banda." Nimelala nalifikiria hilo. Skwati ni kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Kwenye zoezi la mkono chuma nakishika na kiganja, goti linaingiaje hapo? Kuna ukweli, au ni maneno ya jimu yanayorithishwa tu? Natanguliza shukrani.

Ngoja Waje
Natandika mkeka hapa. Hili swali ninalo tangu niko sekondari.

Chuma Hakidanganyi
Msikilize mzee wako. Ukipiga skwati nzito unafanyisha kazi paja la mbele, paja la nyuma, makalio, mgongo wa chini na tumbo kwa mpigo mmoja. Mwili unashtuka, unamwaga testosteroni, ile homoni ya kiume, na homoni ya ukuaji kwenye damu. Damu inazunguka kote, kwa hiyo mikono nayo inapata mgao wake. Ukikunja mkono na dambeli ya kilo 10, mwili hauoni sababu ya kushtuka.

Mimi nilikwama inchi 14 mwaka mzima. Nikaingiza miguu mara mbili kwa wiki, baada ya miezi minne nikagusa inchi 15 bila kuongeza zoezi hata moja la mkono. Kwa hilo sibishiwi.

Zege na Bomba
@Chuma Hakidanganyi mimi nakubishia, kwa heshima.

Nina jimu ya uani hapa Mbeya, mwaka wa 11 huu. Vyuma vyetu ni bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, lakini vijana wanatoka wameshiba. Nilichoona kwa macho yangu: kijana akianza kupiga miguu kwa dhati, njaa inayomshika ni ya aina nyingine. Siku ya kifua anakula sahani moja analala. Siku ya miguu anakula sahani mbili, saa nne usiku anaamka anatafuta kiporo. Baada ya miezi miwili mwili mzima umejaa, mikono ikiwemo, halafu anasema skwati imemkuza mkono. Kilichomkuza ni ule wali na maharage.

Swali langu kwako: ile inchi ya 15 ilipokuja, uzito ulikuwaje?

Chuma Hakidanganyi
Nilitoka 72 nikafika 79.

Zege na Bomba
Kilo saba. Basi tuache kuisingizia damu.

Chuma Hakidanganyi
Hujajibu, mkuu. Na hizo kilo saba zilikubalije kukaa kama misuli badala ya kitambi? Kuna kitu kiliziamuru.

Mwanafunzi wa Viungo
Habari wadau. Nasoma tiba ya viungo, niko mwaka wa mwisho, na hili la homoni lilinisumbua mpaka nikalitafuta.

Limewahi kupimwa. Chuo kikuu cha McMaster kule Kanada walichukua vijana wa kiume 12, wakawafanyisha mazoezi wiki 15. Kila kijana mkono wake mmoja ulipigwa peke yake, siku ambayo hakuna zoezi jingine. Mkono wa pili ulipigwa siku tofauti, na papo hapo baada yake kijana akapigishwa miguu kwa nguvu ili homoni zipande. Mtu yuleyule, chakula kilekile, usingizi uleule. Majibu yalitoka 2010: mikono yote miwili ilikua, na tofauti kati yake haikuonekana, si kwa ukubwa wala kwa nguvu.

Homoni zinapanda kweli baada ya skwati, hapo Chuma hajakosea. Ila zinapanda kwa muda mfupi, ndani ya saa moja hivi zimesharudi zilipokuwa. Kinachoukuza msuli zaidi ni mzigo uliobebwa na msuli wenyewe.

Ngoja Waje
Hapo sasa ndipo uzi unapoanza.

Chuma Hakidanganyi
Mwanafunzi, umesoma ukurasa mmoja ukafunga kitabu. Kuna wa Sweden walifanya hivyohivyo, wao wakaweka miguu KWANZA halafu mkono. Mkono uliotanguliwa na miguu ukashinda. Hilo mbona umelificha?

Mwanafunzi wa Viungo
Sijaficha, ni kweli lipo, na ni Norway, siyo Sweden. Walitoa majibu 2011. Watu tisa, wiki 11. Mikono yote iliongezeka nguvu, ila ule uliopigwa baada ya miguu uliongezeka zaidi, na kwenye sehemu nene ya msuli ni huo tu ulioonekana kukua. Wao walieleza kwamba homoni zikiwa tayari juu wakati mkono unafanya kazi, na damu inakimbia kwenda mkononi, zinaufikia msuli vizuri. Kule Kanada miguu ilikuja mwisho, wakati damu inakimbilia mapajani.

Kwa hiyo kuna watu 12 upande huu na watu tisa upande ule. Mimi naelemea Kanada, lakini siwezi kukwambia kesi imefungwa.

Chuma Hakidanganyi
Asante kwa kusema ukweli. Norway, nimesahihishwa.

Mgumu wa Marangu
Ngoja na sisi wa mlimani tuseme. Nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu 2014. Mzigo kikomo ni kilo 20, unapimwa getini, na hapo hujahesabu begi lako mwenyewe. Siku tano au sita unapanda na kushuka. Vigimbi vyangu ukivigonga vinalia kama ubao. Mikono? Njoo uione, ni ya mtu wa kawaida kabisa. Tungekuwa tunakuzwa na miguu, wagumu wote wa Marangu na Machame wangekuwa mabaunsa.

Tizi la Alfajiri
@Mgumu wa Marangu hii hoja ni nzito kuliko za watafiti wote hapo juu. Mtu anafika kileleni kila wiki na mkono haujakua!

Mgumu wa Marangu
Hapana kaka, tusitiane sifa za bure. Wagumu wengi kwa njia ya Marangu tunaishia kambi ya Kibo, mita 4,720. Pale Uhuru, mita 5,895, wanapanda wageni na waongozaji wao na wasaidizi wachache. Sisi tunabaki kuandaa kambi. Na siyo kila wiki, msimu ukiwa mbaya unaweza kukaa mwezi bila safari.

Mzee wa Riadha
Vijana hamjambo.

Hoja ya mgumu ni ya kweli lakini haijibu swali. Mguu unaotembea saa saba na kilo 20 unafundishwa kuvumilia. Mguu unaoinuka mara nane na kilo 100 halafu unakataa mara ya tisa, huo ndio unafundishwa kunenepa. Ni miguu ileile, masomo mawili. Angalieni wakimbiaji wetu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza mbio tangu mwanzo mpaka mwisho. Miguu ile ilikuwa na nguvu ya ajabu na ilikuwa myembamba.

Nyama Choma na Ndizi
Shikamoo mzee. Si ndiye aliyechukua dhahabu ya Olimpiki?

Mzee wa Riadha
Marahaba. Hapana mwanangu. Ile ya 1974 ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, dhahabu aliichukua huko. Olimpiki ya Montreal 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu ya Afrika Kusini, na sisi tukiwemo. Watu walisubiri miaka miwili kumwona akikutana na John Walker wa New Zealand, hawakukutana. Moscow 1980 ndiko alikopata fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Na Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5000. Hizo mbili ndizo medali zetu za Olimpiki. Msizisahau, wale walikuwa wanakimbilia kwenye vumbi.

Tizi la Alfajiri
Mzee umenitoa machozi asubuhi hii. Sikujua ya Nyambui.

Kuli wa Kilindini
Salaam kutoka Mombasa. Mimi mstaafu, nimefanya kazi ya ukuli miaka ishirini na kitu, na nina neno dogo na huyo ndugu wa mlimani.

Sisi twabeba gunia la sukari, la mchele, la saruji, kilo 50 kila moja, wengine wabeba mawili. Hatutembei nalo siku sita. Wainama, wakamata, wainuka nalo, watembea hatua thelathini, watupa, warudi. Vijana wakija wembamba, baada ya mwaka wawaona shingo imejaa, mgongo umejaa, mikono imejaa. Hakuna aliyekunja dambeli. Wewe mgumu mzigo umeuweka kichwani au begani, mkono wasawazisha tu. Mkono wa kuli washika na kuvuta gunia siku nzima. Kwa hivyo mimi naona siri si miguu wala homoni, ni kubeba kitu kizito kwa mwili mzima. Ukipiga hiyo skwati yenu, mgongo na mabega si yanashikilia chuma? Na ukiinua chuma kutoka chini, mikono si inaning'iniza kilo mia?

Zege na Bomba
Mzee wangu wa Kilindini, hapo umeniongezea kitu. Vijana wangu wanaopiga dedilifti, hiyo ya kuinua chuma kutoka chini, mikono yao ya chini, hii sehemu ya kushikia, inatofautiana na ya wenzao hata kama hawaifanyii zoezi lake.

Mwanafunzi wa Viungo
Naunga mkono kwa sehemu. Kuning'iniza chuma kunajenga mshiko na mgongo. Kwa mkono wa mbele, ule wa juu ya kiwiko anaoulizia mwenye uzi, haujikunji pale, unanyooka tu umeshikilia. Hautakua kihivyo.

Na kuna hesabu moja ambayo hakuna aliyeigusa. Zaidi ya nusu ya misuli ya mwili wa binadamu iko nusu ya chini. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni wa makalio. Kijana anasema amekwama kilo 64 huku ameacha zaidi ya nusu ya mwili wake nyumbani. Hapo hata homoni hazihitajiki kuelezea kwa nini hakui.

Bi Mwana wa Ng'ambo
Assalaam alaykum. Nimesoma kimya tangu jana, sasa nasema.

Nyie wanaume mnaogopa miguu halafu mnatafuta watafiti wa kuwatetea. Kwenye jimu ninayokwenda hapa Unguja, sehemu ya skwati tunaishika sisi wanawake, wao wamejazana kwenye benchi la kifua wakipokezana mmoja mmoja.

Mimi nilianza miguu kwa sababu ya sukari. Vipimo vilipanda, daktari akasema nitembee na nibebe vitu vizito taratibu, maana msuli mkubwa unaofanya kazi unachukua sukari nyingi kutoka kwenye damu, na misuli mikubwa iko mapajani na makalioni. Leo mwaka wa pili. Sukari imetulia, dawa naendelea nazo kama nilivyoandikiwa. Mikono yangu haijakua hata kidogo, na nimefika skwati ya kilo 60. Basi @Chuma Hakidanganyi, hizo homoni zimenipita wapi?

Chuma Hakidanganyi
Dada, mwanamke testosteroni yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mwanamume, huwezi kutegemea matokeo sawa.

Bi Mwana wa Ng'ambo
Kwa hiyo hoja yako ina jinsia. Haya, nimekuelewa. Lakini mapaja yangu yamekua kwa testosteroni hiyohiyo ndogo, kwa sababu yamebeba mzigo.

Ngoja Waje
😂😂 Chuma leo kimepinda.

Mwanafunzi wa Viungo
Dada amegusa penyewe. Kwenye homoni tutofautishe vitu viwili. Kuna kupanda kwa dakika chache baada ya zoezi, na kuna kujichoma sindano. Marekani 1996 walichapisha jaribio la wanaume 43. Waliochomwa testosteroni miligramu 600 kila wiki kwa wiki 10 bila zoezi lolote waliongezeka kama kilo tatu za mwili usio na mafuta. Waliochomwa na kufanya mazoezi, kama kilo sita. Kwa hiyo homoni zinakuza, hakuna ubishi. Ila kile ni kiasi kisicho cha kawaida, kimekaa juu usiku na mchana. Kinachotoka kwenye skwati ni kidogo na kinapita haraka.

Na ninaomba kwa dhati, asitokee mtu akasoma hapa akaenda kununua sindano za uchochoroni. Moyo, ini na uzazi vinalipia. Nimeona kijana wa miaka 23 akija na vidonda vya sindano hizo, haikuwa picha nzuri.

Zege na Bomba
Hilo nalisisitiza. Kwangu ukikutwa nazo unatoka, na ada nakurudishia.

Kijana wa Rangi Tatu
Wakuu nashukuru, nasoma yote. Nimeelewa kwamba nimeacha nusu ya mwili. Lakini nina hofu ya goti. Nimesikia skwati ya kushuka chini kabisa inaharibu magoti, wengine wanasema uishie katikati. Lipi sahihi?

Mwanafunzi wa Viungo
Hiyo hofu ina historia yake. 1961, Karl Klein wa chuo kikuu cha Texas alisema kwamba skwati za chini kabisa zinalegeza kano za goti. Maneno yake yakaenea mpaka jeshini na mashuleni kule Marekani. Waliokuja kupima baadaye hawakuona huo ulegevu. Goti zima linashuka chini salama, ukiongeza mzigo kidogo kidogo na kisigino kikibaki chini. Goti lenye jeraha la zamani ni habari nyingine, hilo likaonwe kwanza.

Kuli wa Kilindini
Na sisi tuliokulia choo cha shimo twachuchumaa tangu watoto. Mamangu alikuwa na miaka zaidi ya sabini afua nguo kwenye karai amechuchumaa, ainuka bila kushika ukuta. Leo vijana wenye vyoo vya kukalia, mwambie achuchumae, kisigino chainuka.

Bi Mwana wa Ng'ambo
Baba umesema kweli. Kinu, karai, jembe, mbuzi ya nazi, vyote vya chini. Tumevitoa majumbani, halafu tunalipia jimu kufundishwa kuchuchumaa.

Nyama Choma na Ndizi
Tukirudi kwenye miguu. Mmemsahau Tom Platz! Yule jamaa mapaja yalikuwa magogo, alichukua Mr. Olympia, lile shindano kubwa la watunisha misuli, kwa miguu tu.

Tizi la Alfajiri
Hakuichukua. Nafasi yake ya juu ilikuwa ya tatu, 1981. Na kuna waliosema kilichomkwamisha ni kwamba miguu ilizidi sehemu ya juu. Kwa hiyo huo mfano unamvunja Chuma zaidi: miguu mikubwa kuliko ya wote, na sehemu ya juu haikufuata kwa kiwango hicho.

Nyama Choma na Ndizi
Basi Arnold Schwarzenegger. Naye si alikuwa na vigimbi vidogo kwanza?

Tizi la Alfajiri
Ndiyo, na mwenyewe amesimulia kwamba alikata suruali zake za mazoezi chini ya goti ili kila mtu jimu avione, aone aibu mpaka avifanyie kazi. Huyo ni kinyume cha hadithi ya mzee wa Mbagala: mikono na kifua vilitangulia kwa mbali, miguu ikafuata.

Zege na Bomba
Wakati mko Marekani, kule miaka ya 1930 kulikuwa na jamaa anaitwa J. C. Hise. Alipiga skwati nzito mara 20 mfululizo, anavuta pumzi nzito kati ya moja na nyingine, na anakunywa maziwa kwa wingi mno. Uzito ukapanda haraka mpaka watu wakaanza kumuiga nchi nzima. Na hapo ndipo ninaposimama: kila mtu anakumbuka skwati 20, maziwa hayakumbukwi.

Chuma Hakidanganyi
Au kila mtu anaona maziwa na kusahau skwati 20. Wangekunywa maziwa bila skwati wangepata nini?

Zege na Bomba
Kitambi. Hapo umenipata.

Boda wa Usiku
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Nilipata ajali mwaka juzi, mguu wa kushoto ukafungwa hogo wiki nane. Fundi wa viungo akaniambia nipige mazoezi mguu wa KULIA. Nikaona ananipotezea muda. Lakini hogo lilipotolewa, mguu wa kushoto ulikuwa umekonda, ila nguvu zilirudi haraka kuliko walivyonitabiria. Hii siyo ushahidi kwamba zoezi la sehemu moja linasaidia nyingine?

Mwanafunzi wa Viungo
Pole sana kaka. Hilo linajulikana na halina ubishi mkubwa: ukifundisha mguu mmoja, wa pili unapata sehemu ya nguvu, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza pamoja. Lakini ni nguvu, siyo unene. Wewe mwenyewe umesema ulikuwa umekonda. Na inatokea kwa viungo pacha, mguu kwa mguu, mkono kwa mkono. Kutoka paja kwenda mkononi ni safari nyingine.

Chuma Hakidanganyi
Lakini umekubali kwamba mwili ni kitu kimoja.

Mwanafunzi wa Viungo
Nimekubali kwamba ubongo ni mmoja 🙂

Mbeba Vyuma wa Muscat
Niko Oman mwaka wa nne. Nilipokuwa Tanga nilipiga miguu kwa bidii kuliko sasa na sikukua. Huku napiga mara moja kwa wiki, lakini kuku, samaki na mayai vipo kila siku, nimepanda kilo tisa. Namuunga mkono Zege.

Zege na Bomba
@Kijana wa Rangi Tatu sasa nakupa kazi, uache kusoma tu.

Jumatano ya mikono ifute, weka miguu. Pasha kwanza dakika kumi. Skwati seti 3 za mara 8, uzito ambao mara ya nane unaipata kwa kupigana lakini kisigino hakiinuki. Ukizimaliza zote tatu vizuri, wiki ijayo ongeza kilo mbili na nusu. Kisha simamisha mguu mmoja mbele, wa nyuma uuegemeze kwenye kiti, shuka mara 10 kila upande. Ukikosa chuma, dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, unalikumbatia kifuani. Mwisho vigimbi kwenye ngazi. Wiki mbili za kwanza utaumia kushuka kwenye daladala, ya tatu hutaumia. Uliacha siku ya pili, ndipo ulipokosea.

Jumamosi ya mikono ibaki, usiiguse. Mkono hautakua bila kukunjwa, hata mzee wako akisema nini.

Mwanafunzi wa Viungo
Na chakula. Kwa anayebeba vyuma, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Kwa kilo 64 ni kama gramu 102. Yai moja lina kama gramu sita, kwa hiyo usitegemee mayai mawili ya asubuhi. Dagaa waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ni rahisi kuliko unga wowote wa kopo. Maharage, karanga, mtindi, vyote vinahesabika.

Bi Mwana wa Ng'ambo
Na usilale saa saba usiku na simu mkononi.

Kijana wa Rangi Tatu
Sawa dada, sawa mkuu. Naanza Jumatano. Nitarudi hapa na vipimo.

Mzee wa Riadha
Tutakusubiri. Wengi huahidi.

Ngoja Waje
Wiki kumi zimepita. Mwenye uzi yuko wapi?

Kijana wa Rangi Tatu
Nipo wakuu, nilisubiri nifikishe wiki kumi kamili.

Miguu nimepiga kila Jumatano, nimekosa mara moja nilipokuwa na malaria. Skwati nilianza na kilo 40, sasa nafanya 72.5 mara nane. Dagaa nimekula mpaka nyumbani wananicheka. Vipimo, futi ileile ya fundi cherehani:

Uzito 64, sasa 67.5.
Paja 51, sasa 54.5.
Mkono 33, sasa 33.8.

Zoezi la mkono limepungua kutoka mara mbili kwa wiki hadi mara moja, na bado umeongezeka. Mzee wa jimu anatembea kifua mbele.

Chuma Hakidanganyi
MKONO UMEPUNGUZIWA KAZI UKAKUA. Nimemaliza.

Zege na Bomba
Kilo tatu na nusu na kapu la dagaa. Nimemaliza na mimi.

Kuli wa Kilindini
Na kilo 72 mgongoni kila wiki, mwaziacha?

Mwanafunzi wa Viungo
Hongera sana kaka, hasa kwa paja. Kuna uwezekano mwingine pia: mkono uliokuwa unapigwa mara mbili kwa wiki ulikuwa umechoka, ukapata nafasi ya kupumzika. Na milimita nane kwa futi ya fundi, mkono ukiwa umejaa damu baada ya zoezi, zinaweza kutokea kwa siku moja. Ulipima saa ngapi?

Kijana wa Rangi Tatu
Ya kwanza nilipima jioni nikitoka jimu. Hii ya juzi nimepima asubuhi, kabla ya chai.

Chuma Hakidanganyi
Umesikia? Asubuhi, mkono ukiwa baridi. Kwa hiyo umekua zaidi ya hapo.

Mwanafunzi wa Viungo
Nimesikia. Kaka, rudia jioni hii ukitoka jimu, tuwe na vipimo vinavyolingana.

Bi Mwana wa Ng'ambo
Leo si Jumatano? Apige miguu kwanza, kupima baadaye.